Kona Tano za Zahabia

Pikapu ya Venant ilipoingia katika karakana ya Pasiansi asubuhi ya Jumanne, ilikuwa imeshakataliwa mahali patatu. Mafundi wawili wa mjini walimwambia kazi hiyo haiwezekani. Wa tatu alisema inawezekana, mradi mwenye gari akubali chesesi, kiunzi cha chini cha gari, ikatwe.

"Shikamoo, mama," Venant alisema akiteremka. "Nimeelekezwa kwa fundi Zahabia."

"Marahaba. Umefika."

Venant akachungulia ndani ya banda, akimtafuta huyo fundi. Ndani alikuwamo mwanamume mmoja tu, akipiga msasa kipande cha chuma, wala hakuinua kichwa. Ikabidi amtazame tena aliyemjibu. Alikuwa mama wa Kihindi wa miaka sitini na mitatu, mfupi, miwani yake imefungwa kamba kisogoni. Juu ya rida, lile vazi la wanawake wa Kibohora, alikuwa amejifunga aproni ya ngozi iliyotobolewa na cheche kama chujio. Kovu pana lilianzia kwenye kiwiko cha mkono wake wa kushoto likashuka mpaka karibu na kiganja.

Zahabia alishazoea macho ya namna hiyo, na alishaacha zamani kuwasubiri watu wamalize kushangaa. Alikuwa amekwisha inua boneti.

"Hii si injini yake," alisema.

"Si yake, mama. Ya kwake ilikufa. Nimefungiwa ya lori."

Venant alikuwa akikusanya maziwa kwa wafugaji wa nyuma ya Buswelu kila alfajiri na kuyashusha mjini kabla jua halijakolea. Injini ya lori ilikuwa kuukuu lakini nzima, na alidhani shida zake zimekwisha. Kumbe waliomfungia walikuwa wameiachia bomba la moshi lile lile la zamani, jembamba, la injini ndogo. Gari likiwa tupu lilikwenda. Likibeba madebe yote na kukutana na kilima, lilianza kukohoa, likatoa moshi mweusi, likaishiwa nguvu.

"Juzi nimepanda pale Kiseke kwa gia ya kwanza," alisema. "Watembea kwa miguu wananipita. Nafika mjini, maziwa yamekatika, hoteli zinanirudishia."

"Injini inakabwa koo," Zahabia alisema.

Shimo la kufanyia kazi lilikuwa na gari jingine, hivyo akatandika turubai, akajishusha taratibu, goti la kulia kwanza kwa sababu la kushoto lilikuwa bovu, akajilaza chali na kujivuta chini ya gari. Akakaa huko muda mrefu. Venant aliona viatu vyake tu, na mara moja moja mkono ukitoka kuomba tochi au futi.

"Nani aliyekuambia ukate hii boriti?" sauti ikauliza kutoka chini.

"Fundi mmoja wa mjini. Anasema bomba kubwa haliwezi kupita bila kutoboa hapo."

"Ana gari lake?"

"Sijui, mama."

"Kama analo, aanze kulikata la kwake."

Alipotoka alimwonyesha kwa kuchora mchangani kwa ncha ya bisibisi. Mdomo wa kutolea moshi wa injini ya lori ulikuwa upande wa kulia, na tangi la mafuta nalo lilikuwa kulia. Kwa hiyo bomba lilipaswa kuhama upande, lipite chini ya giaboksi, liambatane na ubavu wa kushoto wa chesesi, lipande juu ya boriti ya kati inayoshika mbavu zote mbili, tena kwenye upenyo ambao kiganja kilipita kwa kulazimishwa, kisha liruke ekseli ya nyuma na kuacha nafasi ya springi kucheza, ndipo litokee nje. Bomba la inchi tatu, kona tano.

"Boriti haiguswi," alisema. "Hiyo ndiyo inayozuia gari lako lisikatike vipande viwili siku utakapoingia shimoni na mzigo. Kitakachopinda ni bomba. Uje Jumamosi."

Venant alitaka kuuliza kama ana hakika. Alimtazama usoni, akakabidhi funguo.

Ufundi huo aliupata kwa baba yake, marehemu Mzee Abdulhusein, aliyeanza kupinda mabomba hapo hapo Pasiansi enzi ambazo kila mwenye gari Mwanza alijulikana kwa jina. Mzee alipinda kwa mchanga na moto. Bomba lilijazwa mchanga mkavu wa ziwani, likashindiliwa, likazibwa vigingi vya mti pande zote mbili, likapashwa moto mpaka likawa jekundu, kisha likavutwa polepole kwenye kona iliyotakiwa. Mchanga ndani yake ulizuia chuma kisibonyee. Mashine zilizokuja baadaye zilipinda upesi, lakini nyingi zilibana tumbo la bomba, moshi ukifika konani unakuta mlango umekuwa mwembamba. Mzee alizitazama, akacheka, akaendelea na mchanga wake.

Alikuwa na watoto wawili. Shiraz, mdogo, alichukia masizi tangu akiwa na kaptula za shule, akapelekwa dukani mjini kujifunza kuuza vyuma. Zahabia alikuwa akitumwa kumpelekea baba chai karakana. Siku moja alipeleka chai akachelewa kurudi nyumbani, na tangu siku hiyo akawa anachelewa kila siku.

Alipokuwa na miaka ishirini na miwili walikuja wageni kutoka Tabora kumwangalia, kwa ajili ya kijana wao. Mama wa kijana alipotupa macho juu ya lile kovu, akauliza kwa upole limetokana na nini. Shangazi alikuwa amemfundisha Zahabia aseme ni chai ya moto. Zahabia akasema, "Bomba la basi." Wageni walimaliza vitafunwa vyao, wakashukuru, wakaenda zao, na habari yao haikusikika tena. Mama yake alilia wiki nzima. Yeye Jumatatu alikuwa kazini, na walipomwuliza kama haoni uchungu, alisema wale watu walikuwa wanatafuta mkono, hawakuwa wanatafuta mtu.

Mbele ya karakana Mzee Abdulhusein alikuwa amesimamisha nguzo mbili za chuma na juu yake bango lililoandikwa kwa rangi nyekundu: ABDULHUSEIN NA MWANAWE. Watu walimwuliza ni mwana yupi, wa kiume au wa kike, naye akawajibu kwamba herufi ni hizo hizo, wasome wapendavyo. Shiraz alisoma jina lake hapo. Zahabia naye alisoma lake. Mzee alipofariki, duka la mjini lilibaki kwa Shiraz, na kiwanja cha karakana kikaandikwa majina yao wote wawili.

Ndicho kilichomleta Shiraz alasiri ya Jumanne hiyo hiyo, akiwa na bahasha kwapani. Alisimama mlangoni, penye kivuli, ili viatu vyake visiguse mafuta.

"Jumamosi saa nne Jonathan anakuja na mpimaji," alisema. Jonathan alikuwa mfanyabiashara aliyetaka kukinunua kiwanja na kujenga fremu za maduka hapo. "Watapima, utatia sahihi, tutakuwa tumemaliza."

"Jumamosi nina gari kwenye shimo."

"Litoe."

"Halijakamilika."

"Dada, nilikuambia tangu mwezi uliopita usipokee kazi mpya."

"Uliniambia," Zahabia alikubali. "Sikukujibu."

Shiraz alivuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kugombana naye. Mwaka uliokuwa umepita, mwezi wa tisa, Zahabia alianguka hapo uwanjani katikati ya jua kali, akalazwa siku mbili. Shiraz ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mbao kando ya kitanda siku hizo mbili, bila kubadili shati.

"Madaktari walisema nini?" aliuliza sasa.

"Walisema ninywe maji. Nakunywa."

"Una miaka sitini na mitatu, unatambaa chini ya magari ya watu! Mjini wananiuliza, Shiraz, kwani huna cha kumlisha dada yako?"

"Wajibu kwamba nimeshiba."

"Mimi sitaki nipigiwe simu siku moja niambiwe gari limekuangukia."

"Basi usiweke simu karibu." Alichukua grinda yake, akaishika bila kuiwasha, akisubiri kaka yake aondoke kwanza. Shiraz alielewa. Akaiacha bahasha juu ya meza ya kufanyia kazi, akaenda zake. Zahabia akaiweka chini ya kopo la grisi, isipeperuke.

Kesho yake kazi ilianza.

"Mwangaluka, Mhoja," alimsalimia kwa Kisukuma alipoingia.

"Mwangaluka, Dada."

Mhoja ndiye yule aliyekuwa akipiga msasa. Alitoka Magu akiwa na miaka ishirini, akaingia hapo kuchomelea geti la jirani, na mwaka wake wa thelathini na moja wa kazi ulikuwa umemkuta hapo hapo. Sikio lake moja lilikuwa limekufa kwa nyundo, hivyo yeye na Zahabia walizungumza zaidi kwa mikono. Zahabia aliinua vidole vitano, akavikunja kimoja kimoja. Mhoja akatikisa kichwa kwa huzuni ya mzaha, akaenda kuwasha makaa.

Kwanza waya. Zahabia alichukua waya mnene wa chuma, akalala chini ya pikapu, akaupinda kidogo kidogo kufuata njia ambayo bomba lingepita. Akaupima dhidi ya bomba la breki, dhidi ya tangi, dhidi ya ile boriti. Alimwambia Mhoja apande nyuma ya gari na kuruka ruka, ili aone ekseli inapanda mpaka wapi. Mara tatu aliukunjua waya akaanza upya. Ilipofika saa sita alitoka na kitu kilichopindapinda kama nyoka aliyekanyagwa, akakiweka sakafuni kwa uangalifu, akamkataza hata paka kupita hapo.

Kona mbili za kwanza zilitoka vizuri siku hiyo hiyo. Mchanga ulikaangwa juu ya bati mpaka ukawa unateleza kama maji, kwa sababu unyevunyevu ukibaki ndani hugeuka mvuke na kurusha kigingi kama risasi. Hivyo ndivyo alivyolipata kovu lake. Mhoja alishika ncha ndefu na kuvuta. Zahabia alisimama kwenye kona, akimwagia maji upande wa nje ulipotaka kunyumbuka kupita kiasi, akisema kwa kiganja: polepole, polepole, simama.

Kona ya tatu, ile ya kupanda juu ya boriti, waliifanya Alhamisi asubuhi. Nayo ilikataa. Bomba lilipofika nusu ya safari lilitoa mlio mdogo, likabonyea tumboni. Mhoja aliachia. Wote wawili walilitazama likipoa, wekundu ukitoka, lile bonyeo likibaki limewakodolea macho.

"Mchanga haukushiba," Mhoja alisema.

"Mimi ndiye niliyeshindilia," Zahabia akasema. Alikuwa akipiga nyundo ubavuni mwa bomba huku akimjibu Shiraz kichwani, maneno aliyokosa kumjibu Jumanne, na aliona mchanga umebakiza kushuka kidogo tu, akaziba kabla haujakaa sawa. Hakulitupia lawama goti, wala moto, wala Mhoja. Alikata sehemu iliyoharibika akaisogeza pembeni. Kilichobaki hakikutosha kona tatu.

Bomba nene la namna ile mjini lilipatikana kwa uhakika duka moja. Alivua aproni, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akaenda.

Shiraz alikuwa nyuma ya kaunta, akihudumia watu wawili. Zahabia alisimama kwenye foleni kama mteja mwingine. Zamu yake ilipofika alisema, "Bomba jeusi la inchi tatu, nene. Urefu mmoja."

"Halipo."

Alinyoosha kidole juu ya bega la kaka yake. Mabomba manne yalikuwa yamelala rafuni.

Shiraz hakugeuka. "Hayauzwi," alisema, kisha akashusha sauti na kuingia katika Kigujarati, wasije wakaelewa wateja. "Nikikuuzia hilo bomba, nitakuwa nimekulaza chini ya gari kwa mkono wangu mwenyewe. Siwezi, dada. Kasirika ukitaka."

Zahabia alimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, na duka zima likasikia. "Huuzi chuma kwa fundi kwa sababu fundi ni mwanamke mzee. Sawa. Nimesikia." Akamwachia nafasi mtu wa nyuma yake.

Angeweza kwenda kwa Kushal, muuza vyuma wa mtaa wa pili, lakini Kushal angeagiza, na mzigo ungefika wiki inayofuata. Alirudi Pasiansi. Aliposhuka mbele ya karakana alisimama, akaangalia juu, kisha akashuka na macho taratibu kufuata nguzo ya bango mpaka chini. Akaigonga kwa kifundo cha kidole. Akachukua futi mfukoni, akaizungushia.

Mhoja alitoka kumtazama. Alipofahamu, alikuja mbio.

"Dada, hapana. Hiyo nguzo mzee aliisimamisha mwenyewe."

"Inchi tatu. Nene. Haina zinki ya kutoa sumu motoni." Zahabia aliikwangua rangi kwa ukucha. "Unajua mzee alikuwa akinunua vyuma vya namna gani."

"Na bango?"

"Bango tutaliegemeza ukutani. Lina miguu?"

"Watu watasema umefunga kazi."

"Waje waniulize nikiwa nafanya kazi. Lete grinda."

Mhoja alisita kidogo, kisha akaleta. Alitaka kukata yeye, Zahabia akamnyang'anya kwa upole. Cheche ziliruka barabarani, watu wa bodaboda wakasogeza pikipiki zao, mama muuza mahindi akaziba masikio. Bango liliposhuka walilibeba wawili, wakaliegemeza ndani ya ua. Nguzo ilitoa urefu uliotosha, na ukazidi kidogo.

Safari hii alishindilia mchanga mwenyewe kwa saa nzima. Alipiga, akasikiliza, akaongeza, akapiga tena, mpaka sauti ya bomba ikawa nzito kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mhoja alimwuliza kwa mkono, bado? Naye akajibu kwa mkono, bado. Kona ya tatu ilipinda kama inayojua njia. Ya nne na ya tano walizimaliza Ijumaa kabla ya adhuhuri.

Mchana walilisogeza gari juu ya shimo, wakalipandisha bomba katika vipande viwili. Hapo katikati, nyuma kidogo ya giaboksi, Zahabia aliweka flanji, visahani viwili vya kuunganishia, na boliti nne badala ya kuchomelea moja kwa moja. Mhoja alisema kuchomelea kungekuwa haraka zaidi. Zahabia akasema siku giaboksi itakapotaka kushushwa, fundi atakayekuwa chini ya hili gari atawalaani, na atakuwa na haki. Walilining'iniza bomba kwa hanga za raba zilizokatwa kwenye tairi kuukuu. Karibu na bomba la breki aliweka bamba la kukinga joto. Juu ya boriti, pale palipowashinda watu watatu, kidole chake cha shahada kilipita kati ya chuma na chuma pande zote. Alikipitisha mara mbili. Boriti haikuwa na hata mkwaruzo.

Jumamosi saa nne kasoro, Venant alikuwa amekaa juu ya debe lake la maziwa, akitazama. Zahabia alikuwa shimoni akikaza boliti za mwisho. Ndipo Shiraz alipoingia na Jonathan, na mpimaji aliyebeba begani miguu mitatu ya chombo chake.

"Bango la baba liko wapi?" ndilo neno la kwanza la Shiraz.

"Lipo ukutani," Zahabia alisema kutoka shimoni.

"Na nguzo?"

"Unaitazama. Ipo chini ya gari."

Shiraz aliinama, akaliona lile bomba likipita kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine, na kando ya kona ya tatu bado palikuwa na ukungu wa rangi ya zamani uliokuwa haujaungua wote.

Jonathan alikuwa mtu mstaarabu. Alisalimia vizuri, akasema angependa tu mama atoke ili mpimaji aanze, maana kona moja ya kiwanja ilikuwa nyuma ya pikapu. Zahabia alikaza boliti, akapanda ngazi za shimo moja moja akishika goti, akasimama mbele yake akifuta mikono.

"Baba, umesumbuliwa bure," alimwambia. "Hiki kiwanja kina majina mawili. La kwangu haliuzwi. Kaka yangu angekuambia mapema, lakini alidhani nitachoka."

"Dada!" Shiraz alisema.

"Sijachoka." Akamgeukia Venant. "Washa."

Venant aliwasha. Watu walitarajia mngurumo wa kupasua masikio, kwa ukubwa wa bomba lile. Ikatoka sauti nene, ya chini, iliyotulia, ambayo mtu aliisikia zaidi kifuani. Moshi ulitoka mwembamba, rangi ya majivu, kisha ukapotea. Mhoja aliweka kiganja kwenye kila kiungo, akatafuta upepo unaovuja, akainua dole gumba.

"Haitoshi," Zahabia alisema. "Jazeni madebe."

Walipeleka gari ufukweni, mwendo wa dakika tano, wakajaza madebe yote maji ya ziwa, uzito ule ule wa maziwa. Lakini kabla hawajaondoka karakana, Zahabia alipopanda kiti cha mbele, Shiraz alishika mlango.

"Unakwenda wapi? Watu wamekuja kwa ajili yako."

"Hawakuja kwa ajili yangu. Wamekuja kwa ajili ya sahihi." Akavuta mlango.

Kilima cha Kiseke kilikuwa kama Venant alivyokiacha, mawe makubwa pembeni, barabara imejikunja na kuinuka ghafla. Aliingia kwa gia ya pili, mabega yameinuka kama mtu anayesubiri kupigwa. Injini ilivuta. Alingoja ikohoe. Haikukohoa. Katikati ya mlima Zahabia alimwambia aweke gia ya tatu, naye akamtazama kama amesikia vibaya.

"Tatu, mwanangu."

Aliweka. Gari liliinama kidogo, kisha likaendelea kupanda. Zahabia alikuwa ametoa kichwa dirishani, si kwa kutazama mandhari, bali kwa kusikiliza nyuma kama springi inagonga bomba kwenye makorongo. Mara moja alisikia mguso, akataja mahali, akaandika kwa kalamu juu ya mkono wake: hanga ya nyuma, nusu inchi. Walipofika juu Venant aligeuza uso upande wa pili akajifanya anaangalia kioo.

Waliporudi, Jonathan na mpimaji walikuwa wamekwisha ondoka. Shiraz alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, suruali yake safi ikigusa mafuta, bahasha mikononi.

"Nitakwenda kwa wazee wa jumuiya," alisema.

"Nenda."

"Nani atakuokota ukianguka tena?"

"Mwaka jana aliniokota Mhoja. Wewe ulikaa nami hospitali, na sijasahau, na nakushukuru. Lakini Shiraz, kuniuguza siku mbili hakukupi haki ya kunizika mapema." Akashuka shimoni kusogeza ile hanga nusu inchi.

Wazee walimwita wiki iliyofuata. Walikuwa watatu, baada ya sala, katika chumba chenye zulia na feni. Shiraz alikaa pembeni. Zahabia alikuja na rida safi, rangi ya waridi, mikono yake imeoshwa mpaka ikawa myekundu, ingawa weusi wa kwenye kucha haukutoka, na hakujaribu kuuficha. Walimwuliza juu ya afya yake. Walimkumbusha heshima ya familia. Mmoja wao, ambaye gari lake lilikuwa limewahi kutengenezwa Pasiansi, alisema kwa upole kwamba umri una haki zake.

"Umri wangu naujua," Zahabia alisema. "Nimeutumia mwenyewe wote, sikuazimwa na mtu."

Mkubwa wao akamwuliza, basi, anataka nini hasa na uwanja ule.

"Nafanyia kazi."

Walisubiri aongeze neno. Feni ilizunguka. Shiraz alitazama zulia. Zahabia alikuwa amekaa wima, mikono imelala mapajani, kovu likiwa wazi, na alionekana tayari kukaa hivyo mpaka magharibi. Mwishowe mkubwa wa wazee alikohoa, akasema hati yenye majina mawili huuzwa na wawili, na hapo mkono mmoja haupo.

Jonathan alipata kiwanja kingine, Buswelu. Shiraz alikaa miezi miwili bila kukanyaga Pasiansi, na alipokutana na dada yake msikitini alimsalimia kama mtu anavyosalimia jirani wa zamani. Zahabia aliitikia kwa ukamilifu, akauliza hali ya watoto, hakuomba radhi.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, kwa wazee, aliinuka akishika goti, akaaga kila mmoja kwa jina lake, na mlangoni, akiinama kuvaa viatu, alisikia mmoja akimwuliza kama haogopi kweli, mwanamke peke yake, na umri ule. Alimalizia kufunga kamba ya kiatu kwanza.

"Naogopa," alisema. "Kesho nitaogopa nikiwa kazini."